Vidole Vitatu vya Mama

Ladywood, Birmingham
Juni 2008

Mama,

Magauni yako yamevaliwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla ya kuuliza kama ninakula, kabla ya kuuliza kama kile kikohozi changu kimekwisha. Ninakula. Kikohozi kimekwisha. Na magauni yote tisa yaliingia kanisani Jumamosi iliyopita yakiwa na wanawake wenye afya ndani yake, na hakuna mshono uliofumuka.

Lakini hayakuwa kama ulivyoyakata. Nilikosea, Mama, na nilikosea vibaya. Nataka uyasikie kwangu mimi kabla Mama Esperansi hajafika huko, maana namjua, siku hiyo hatakusalimia. Ataanza na habari ya magauni.

Acha nikupe kwanza habari za nyumbani. Lifti imetengenezwa. Ulipanda zile ngazi mpaka ghorofa ya saba ukiwa umeshika ukuta, na wiki tatu baada ya kukuzika wakaja mafundi wawili, wakaitengeneza asubuhi moja. Siku ile sikuipanda. Nilipita kwenye ngazi kwa hasira, mpaka nikakumbuka kwamba wewe ungeipanda, tena ungewapelekea mafundi chai.

Yule mzee wa ghorofa ya sita, aliyekuwa akigonga dari kwa fagio kila ukiwasha Trekta, alikuja kutoa pole. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema siku hizi kumekuwa kimya mno. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikaliangalia Trekta. Lilikuwa limefunikwa shuka pale dirishani. Unakumbuka wamama wa kwaya walivyolipa jina lile, na wewe ukalikubali kama jina la mtoto: cherehani la kushonea viti vya magari, chuma kitupu, ulilopewa siku karakana yenu kule Washwood Heath ilipofungwa. Msimamizi alikuambia ulichukue kama unaweza kulibeba. Alifikiri anatania. Wanaume wanne wa kanisani walilipandisha kwa ngazi zilezile, na kwa sindano iliyozoea viti vya madereva ukawa unashona magauni ya maharusi.

Sasa nirudi mwanzo.

Ulipofariki Februari nyumba ilijaa watu, ikanuka sombe, yale majani ya muhogo, na mishumaa. Kisha wakaondoka, kila mtu na maisha yake, nikabaki na kabati lako. Ndani yake kulikuwa na mafungu tisa. Kile kitenge cha kijani chenye majani ya muhogo ya manjano, ulichokitafuta miezi mitatu kikaletwa kutoka Brussels, kipande cha mwisho dukani, kwa ajili ya wamama tisa wa kwaya watakaoimba kwenye harusi ya Solange, binti wa pekee wa Mama Esperansi. Kila fungu lilikuwa limekwisha kukatwa na kufungwa kwa uzi wake. Nikakumbuka ulivyoniambia hospitalini, ukiwa umefumba macho: "Nabintu, zile robe zisibakie mu kabati. Nimekwisha kukata. Kushona tu njo kumebakia."

Kushona tu. Ulisema kama mtu anayesema, kuosha sahani tu.

Ningeweza kumpelekea fundi mwingine. Wapo. Lakini ile ilikuwa kazi yako ya mwisho, Mama. Mkono wako ulikuwa umepita juu ya kitambaa kile na alama zake za chaki zilikuwa bado zinaonekana. Niliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mtu mwingine atayagusa, na kwamba mimi nitayagusa. Magauni yale yakiharibika, wamama wale wangekukumbuka kwa nini? Kwa yale mazuri ya miaka yote, au kwa tisa ya mwisho yaliyowaaibisha mbele ya watu? Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Nikaamua nitashona mwenyewe, likizo ya Pasaka, na harusi ilikuwa mwishoni mwa Mei.

Kushona mshono ulionyooka najua. Ulinifundisha nikiwa na miaka kumi na mitano, miaka miwili baada ya kufika hapa, ukinikalisha kwenye Trekta na karatasi bila uzi. Tatizo langu lilikuwa zile nyuzi.

Nakumbuka niliwahi kukununulia daftari, nikachora mistari: jina, kifua, kiuno, nyonga. Ulinishukuru kwa moyo wote, ukalitumia kuchomekea pini. Na futi ya kupimia uliyopewa kule karakana ilikuwa ikining'inia shingoni kwako kama mkufu, haifanyi kazi yoyote. Ulikuwa na njia yako uliyoianzisha kambini, kule Kigoma, ambako hapakuwa na futi wala kalamu. Ulifumua nyuzi za magunia ya chakula. Kila mwanamke akawa na uzi wake: fundo moja ni kifua, mafundo mawili yaliyoshikana ni kiuno, matatu ni nyonga. Na ili ujue ni uzi wa nani, ulifunga mwishoni kijipande cha gauni la kwanza ulilomshonea. Miaka ikapita, tukapanda ndege, ukaja nazo kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la mkononi, pale watu wanapoweka dhahabu. Hapa ukaendelea vilevile. Nyuzi zilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango, na ulikuwa na sheria moja uliyonionya nikiwa mdogo nisiichezee: mafundo ya watoto hayakazwi. Ya watu wazima ulivuta kwa meno. Ya watoto uliyaacha malegevu, ili uweze kuyasogeza wakikua.

Basi nilikuwa na mafungu tisa na nyuzi tisa, na sikujua lipi ni la nani. Na msumarini pale ulikuwapo uzi wa kumi, wenye kijipande cheupe kilichokwaruza vidoleni na mkia wa herufi nyekundu. Nikauacha.

Nikachukua zile tisa, nikapanda basi namba nane, lile linalozunguka mji na kurudi lilikotoka. Kwa siku mbili nilikuwa mtu wa kushuka na kupanda. Wamama wako wamekaa kama wamepanga kulizunguka basi lile. Nilikuwa nikifika mlangoni, nikisalimia, nikifungua kiganja. Sikuhitaji kuuliza. Mama Riziki, wa Sparkbrook, alikitazama kijipande cha zambarau akakaa chini kwenye ngazi ya nje, baridi ile, akasema ni gauni alilovaa siku aliyopata kibali cha kuishi. Mwingine alicheka: lilikuwa la kwenda kumwona mchumba ambaye baadaye alimkataa. "Gauni lilikuwa zuri, Nabintu. Mwanaume njo alikuwa mubaya." Mama Esperansi, kule Washwood Heath, alininyang'anya uzi wake kabla sijasema lolote. Kijipande cha rangi ya chungwa. "Hii ni ya kambini! Mama yako alinishonea hii nikiwa na mimba ya kaka mudogo wa Solange, na hakuna mutu alijua kama niko na mimba!" Akaubusu, akanirudishia, kisha akanikazia macho. "Unaweza?"

Nikasema ninaweza.

Nilisema kwa sauti kubwa, Mama. Nadhani ilikuwa sauti yako.

Sasa nafika pale pagumu. Nilifungua fungu la kwanza, nikatandaza vipande mezani, nikaweka uzi juu yake. Havikulingana. Kitambaa kilikuwa kikubwa kuliko fundo. Nikapima tena, kwa futi sasa, maana mimi naamini namba. Nikafungua fungu la pili, la tatu, yote tisa. Kila kipande kilikuwa kimezidi uzi, na kuzidi kwenyewe hakukuwa sawasawa, hapa kidogo zaidi, pale pungufu. Nikakumbuka mkono wako Januari, ulivyokuwa ukitetemeka ukishika kikombe. Nikakaa kwenye kiti chako nikalia. Nilijiambia: Mama alikuwa mgonjwa, mkasi ulimponyoka, na aliona haya kusema.

Nikaamua kukusahihisha.

Naandika neno hilo polepole ili linichome. Kwa siku nne, kwa rula ya chuma ya chuoni na penseli yenye ncha kali, nilipunguza kila kipande mpaka kikafika kwenye fundo, na nafasi ya mshono juu yake, milimita kwa milimita. Nilikuwa nimetulia kuliko siku yoyote tangu mazishi. Niliona ninakufichia aibu. Mtu akikuuliza mwanao anasoma nini, ulikuwa unasema "anasomea madaraja", na kweli, mwezi mmoja tu kabla ya hapo nilikuwa nimepata alama za juu kwa insha kuhusu ile nafasi wanayoiacha mafundi katikati ya daraja, ili jua likiwaka chuma kipate pa kutanukia. Kurasa kumi na mbili, Mama. Mwalimu aliandika pembeni kwamba nimeelewa.

Jambo moja tu nililifanya vizuri, na sikulifanya kwa akili, ni mazoea uliyonilea nayo: sikutupa vile vipande nilivyopunguza. Niliviweka kwenye mfuko.

Nikashona magauni matatu, nikawaita wenyewe waje kujaribu Jumapili baada ya ibada. Wakaja wote tisa. Ungewaona sebuleni kwetu, makoti yamelundikana kitandani kwako. Mama Esperansi akaingia chumbani na gauni lake, akakaa muda mrefu, tukamsikia akihema. Akatoka. Kwa mbele lilikaa vizuri mno, wote wakasema aah. Nikaanza kutabasamu. Ndipo akasema, "Bon, tuimbe," akainua mikono.

Hakuinua, Mama. Mikono ilifika mabegani ikakwama. Akajaribu tena kwa nguvu, na gauni likapasuka kutoka kwapani mpaka kiunoni kwa mlio ambao nafikiri mzee wa ghorofa ya sita aliusikia.

Kisha yeye mwenyewe akasema, mikono bado iko hewani nusu, "Mimi nilikuja kujaribu robe. Mbona robe njo inanijaribu mimi?"

Walicheka mpaka mmoja akashika meza. Nilicheka nao, kisha sikuwa nacheka tena. Mama Riziki alijaribu la kwake, hakuweza hata kulifunga zipu. La tatu halikujaribiwa. Mmoja wao, simtaji, alisema kwa sauti ya chini jikoni, lakini nyumba yetu unaijua: "Mama yake hangefanya hivi. Au ni ugonjwa ulikuwa umemuharibia macho?"

Hapo ndipo niliposikia kwa sikio langu kile nilichokiogopa. Na ningeweza kutoka mle chumbani na kusema ni mimi, ni mkasi wangu. Nilinyamaza. Nilijiambia bado sina hakika. Nilinyamaza wakavaa makoti, wakanibusu mmoja mmoja, wakaondoka wakiamini mkono wako ulikosea. Samahani. Kati ya yote niliyokosa, hilo ndilo kubwa, na kitambaa hakimo humo.

Kesho yake nilikwenda Ladypool Road kwa Bi Zuhura, rafiki yako Mzanzibari mwenye duka la vitambaa, kumwuliza kama anaweza kuipata kijani ile hata mita tano. Aliushika ule upande uliopasuka, akautazama juu ya miwani. Akasema kitambaa kile hakipatikani tena, kiwanda kimeshabadilisha rangi. Kisha akauliza, "Mwanangu, na vile vidole vitatu umevipeleka wapi?"

Nikamwambia sijui vidole gani.

"Hee! Mamako alikuwa akifunga fundo likamate mwili hasa, kisha akikata anaongeza vidole vyake vitatu. Kwangu mimi akiongeza vinne, kwa sababu ya huu mkono wangu mbovu. Nilimwuliza, we Mama Nabintu, hivi vyote vya nini? Akanambia kimoja cha pumzi, kimoja cha pilau." Akacheka, mabega yakitikisika ndani ya buibui lake. "Na cha tatu hakunambia. Alinitazama tumbo tu."

Aliniona ninavyomtazama, akaacha kucheka. Akazunguka meza, akanishika kidevu kama mtoto. "Hukuambiwa, mwanangu. Mambo mengine yamo vidoleni mwa mtu, wala hayasemeki."

Nilirudi kwa basi namba nane na sikushuka kituoni kwetu. Nilikaa juu, kiti cha mbele, nikauzunguka mji mzima. Nilijua sasa kwa nini haikuwa sawasawa. Ulimwongezea zaidi mwenye mgongo mbovu, ukampa zaidi anayeimba sauti ya juu, ukampunguzia yule anayependa kiuno kionekane. Ulikuwa unawakumbuka mmoja mmoja huku mkasi unakwenda, na mkono unatetemeka, na hukukosea hata mmoja. Nilijua kwamba nimekata kitu ambacho nilikwisha kukiandikia kurasa kumi na mbili. Jambo la ajabu ni kwamba sikulia. Tulipopita mbele ya lango la ile karakana yenu, ambayo sasa ina kufuli na nyasi, nilikuwa tayari nafikiri. Nilikumbuka kiti. Uliwahi kunionyesha pale kazini kiti cha gari, ukakibonyeza ubavuni: ngozi ilikuwa nyeusi, na palipojikunja kulikuwa na kipande cha kitambaa kingine, laini, kinachovutika. Uliniambia penye kujikunja ndipo pa kuwekea kitu chenye huruma.

Penye kujikunja. Kwapani.

Vile vipande vya mfukoni vingetosha kurudisha pumzi ubavuni, nikiviunga kwa mshono mwembamba. Lakini chini ya kwapa kilihitajika kipande kizima cha pembe nne cha kitambaa kingine, kilicholainika, kilichokwisha kuzoea mwili. Nilitazama nyuzi zangu tisa kwenye kiganja, zile rangi tisa zilizofungwa mwishoni. Nikashuka kituo kilichofuata, nikavuka barabara, nikalisubiri basi linalorudi Washwood Heath.

Kwa Mama Esperansi niliingia nikasema kabla sijakaa: "Mama hakukosea. Ni mimi niliyepunguza. Nilifikiri amekosea, nikamsahihisha." Nilitegemea kelele, unamjua. Akasema tu, "Njo maana. Nilisema mu roho yangu, Mama Nabintu hawezi kunipima vibaya, hata akiwa amekufa." Akapiga simu nane, mbele yangu, akawaambia wote, na kila simu nilitamani sakafu inimeze, na kila simu nilizidi kuwa mwepesi.

Kisha nikamwambia ninachohitaji. Hapo kelele zikaja. "Nikate robe yangu ya kwanza? Ile ya kambini? Wewe mutoto, kwanza umekata mupya, sasa unataka kukata muzee!" Alizunguka sebule. Alimwita Solange ashuke aje asikie. Solange akashuka, akasikia, akapanda juu, akarudi na gauni la chungwa mkononi, limekunjwa ndani ya foronya. "Mama, this one?" akauliza. Alikuwa hajawahi kuliona vizuri. Mama Esperansi alilichukua, akalinusa, akatafuta upindo wa ndani, mahali ambapo hapaonekani. Akaniambia, "Hapa. Na usitumie ile rula yako."

Sikuitumia, Mama. Nilitumia vidole vyako, yaani vyangu. Nilivipanga juu ya kitambaa na nikaona vinatosha, vina upana uleule.

Jumamosi tatu mfululizo walikuja kwa zamu, kila mmoja na gauni lake la zamani. Nililivua Trekta shuka tena, nikalitia sindano mpya. Siku ya kwanza lilinikataa, likakata uzi mara sita, mpaka Mama Riziki akasema labda linasubiri kuombewa, akaliombea kweli, mkono juu ya gurudumu. Mimi nilikuwa nimeona kwamba sindano imewekwa kinyume, nikaigeuza wakati amefumba macho. Tumeachia sifa iende inakostahili. Mzee wa ghorofa ya sita aligonga dari. Wamama walinitazama wakidhani nitaona haya. Nilikuwa nafurahi. Nilimgongea na mimi kwa kisigino, mara mbili.

Na nilikuwa nikipima upya, Mama. Kila mmoja alisimama mbele ya dirisha, nikamwambia, imba. Si kwa sauti ndogo, imba kama Jumapili. Nikaweka mikono ubavuni kwao nikasikia mbavu zinavyofunguka. Ndivyo nilivyojifunza kidole kile cha pumzi. Cha pilau nilijifunza wenyewe walipoleta chakula.

Basi, Jumamosi iliyopita. Mvua ilinyesha asubuhi, kisha ikaacha. Solange alikuwa mzuri mpaka mama yake akanuna ili asilie. Kwaya ilisimama mbele, safu moja, kijani na majani ya manjano, mikono imeshuka, heshima tupu. Ungeona kitambaa kimoja na watu tisa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, kucha mdomoni. Wakaanza wimbo polepole. Ubeti wa kwanza mikono ikabaki chini. Ubeti wa pili ngoma ikaingia, na Mama Esperansi akawaangalia wenzake kulia na kushoto, nikajua sasa.

Waliinua mikono. Yote kumi na minane, mpaka juu, wakaipunga. Na chini ya kila mkono kukafunguka rangi: chungwa, zambarau, buluu yenye nukta, nyekundu ya matofali, ile pinki ya yule aliyekataliwa. Watu waligeuka kuangaliana. Hawakuwa wakijua ni nini, waliona tu kwamba kila wamama wale wakimsifu Mungu kunatoka mwanga kwapani. Wakishusha, unafichika. Wakiinua, huu hapa. Lakini wao tisa walijua. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kwanza ubavuni. Mama Riziki aliimba huku anatazama juu ya vichwa vya watu wote, moja kwa moja mlangoni, kwangu, na akainua mkono wa kushoto mara moja zaidi ya wenzake.

Hakuna kilichopasuka. Walikula, Mama. Wali, mbuzi, fufu, keki ya ngazi tatu. Hakuna kilichopasuka.

Jumatatu Mama Esperansi alikuja kuniletea chakula kilichobaki, akaona ule uzi wa kumi nyuma ya mlango. Nikamwambia sijui ni wa nani, nadhani ni takataka. Alikishika kile kijipande cheupe chenye mkia wa herufi nyekundu, akapiga makofi. "Takataka? Hii ni wewe! Hii ni gunia ya unga! Robe yako ya kwanza kambini ilikuwa gunia, na ulitembea nayo kama binti ya president!"

Nikamwambia haiwezekani. Gauni langu la kambini lilikuwa la kahawia. Nalikumbuka, nilikuwa na miaka saba, nilijivunia mno, niliamini limenunuliwa dukani. Naye akanieleza jinsi ulivyokata magome ya mti, ukayachemsha kwenye sufuria ya kuazima siku nzima, ukatumbukiza gauni ndani mpaka herufi zikapotea. Ulimwambia hutaki nikiingia darasani watoto wasome tumbo langu. Ila kijipande cha uzi ulikikata kabla hujatia rangi. Ulitaka wewe ukumbuke, mimi nisijue.

Alipoondoka nilikaa na uzi ule mapajani. Una mikunjo mingi, kila mahali fundo lilipowahi kukaa, kuanzia kifua cha mtoto wa miaka saba, kikisogea, kikisogea. Nikauzungusha mwilini. Kifua, sawa. Kiuno, sawa. Nyonga, sawasawa, Mama, nilivyo leo, baada ya kukonda kote kule kwa mtihani na kwa hospitali. Ulinipima lini? Nikafikiri mpaka nikajua. Ni ile siku uliyonizungushia mikono kiunoni hapa nyumbani, kitandani kwako, ukabaki hivyo, nami nikadhani unataka nikuinue, nikaanza kukuvuta. Ukasema, "Ngoja kwanza." Ulikuwa unanihesabu kwa vidole.

Nikatazama mafundo. Moja, mawili, matatu. Yote malegevu.

Nina miaka kumi na tisa. Sirefuki tena, unajua hilo. Hukusahau kukaza, maana wewe ulikuwa hukosei, sasa nimejifunza. Uliniacha hivyo kwa makusudi.

Basi nikuahidi. Madaraja nitayamaliza, na kila Jumamosi Trekta litaunguruma na mzee atagonga. Wawili wameshaniomba niwafundishe binti zao, wale wanaojibu kwa Kiingereza wakiulizwa kwa Kiswahili, nami nitaanza kwa kuwapa kila mmoja uzi. Sitapunguza tena kitu cha mtu kabla sijamwuliza ni cha nini. Na nikiona mtu anasingiziwa kosa langu nitatoka chumbani niseme.

Pumzika, Mama. Mikono yako imefanya kazi ya kutosha. Uzi wangu nimeurudisha msumarini, katikati ya wenzake, na mafundo yake sijayagusa.

Ni mimi, mwanao,
Nabintu